Imekukaa, Imekubana, Imekupwaya

Kofia ikishafika kichwani, Kiswahili hakina shida nayo. Imekukaa. Imekubana. Imekupwaya. Wazee wa pwani wataongeza kwamba imekuenea, kitenzi ambacho siku hizi wengi wamekiachia habari na magonjwa tu. Mbele ya meza ya mitumba, Ujiji au Kigoma mjini, vitenzi hivyo vinatosha kabisa. Unaivaa, unatikisa kichwa, mwenzako anakutazama na kusema "hiyo imekukataa", unairudisha. Hakuna aliyetaja namba.

Shida huanza pale kichwa kinapokuwa Simbo na kofia ikawa Kariakoo, Leeds au Muscat, na kinachoviunganisha ni picha kwenye simu. Mnunuzi anauliza, "Saizi gani?" Muuzaji anajibu "ya kati", au "frisaizi", au "7⅛". Mzigo unapanda basi hadi Kigoma, unapakiwa bodaboda hadi Simbo, na nauli ya kuurudisha inaweza kuipita bei ya kofia yenyewe. Kwa maoni yangu, hasara nyingi za namna hii zinaanzia kwenye neno "saizi". Tumelibebesha mambo matatu tofauti, na anayenunua kofia za zamani hana budi kuyatenganisha kabla hajatuma hela.

Lipo kwanza jambo la mtu mwenyewe, yaani mzunguko wa kichwa chake. Unapimwa kwa futi ya fundi cherehani, ile laini ambayo wengine huiita futikamba: ipite katikati ya paji la uso, juu kidogo ya masikio, izunguke hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi. Isikazwe. Hicho ndicho ningependa tukiite kipimo, na kisiitwe hivyo kitu kingine chochote. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno zuri zaidi, cheo. Watu walisema cheo cha kiatu, cheo cha nguo. Lakini leo ukimuuliza mtu cheo chake atakutajia kazi yake, kwa hiyo neno hilo halitatufaa tena dukani.

Kisha kuna namba iliyoandikwa ndani ya kofia, na hapa ndipo penye utata mkubwa. Waitaliano na Wajerumani huandika sentimita: 58 ni kofia ya kichwa chenye mzunguko wa sentimita 58. Wamarekani huchukua mzunguko kwa inchi wakaugawanya kwa 3.14, kana kwamba kichwa ni duara kamili. Sentimita 58 ni karibu inchi 22.8, ukigawanya unapata 7¼, na ndiyo namba utakayoikuta ndani ya kofia ya Stetson ya Marekani. Kofia hiyohiyo Uingereza huandikwa 7⅛. Waingereza wako chini kwa thumni moja. Neno thumni, sehemu moja ya nane, ambalo watu wazima wanalikumbuka kwa sarafu ya senti hamsini, liko tayari kwa kazi hii, na ni fahari kulitumia: saba na thumni. Ukilirudisha kwenye mzunguko, thumni hilo ni karibu sentimita nzima, na sentimita moja ndiyo tofauti ya kofia iliyokukaa na ile inayokuachia mstari kwenye paji. Kwa hiyo muuzaji wa Leeds na muuzaji wa Chicago wanaweza kukuandikia 7⅛ wote wawili, wote wakisema kweli, na kofia zisiwe sawa.

Oman kuna hesabu nyingine kabisa. Kofia zao za kushonwa kwa mkono, ndugu wa kofia za viua za Unguja, hukunjwa zikalala bapa, kisha hupimwa upana kwa inchi. Namba 11 maana yake ni nusu ya mzunguko. Zidisha kwa mbili upate inchi 22, kama sentimita 56. Aliyezoea saba na robo akiona 11 atadhani ni kofia ya jitu.

Na "frisaizi"? Kwa kapelo yenye mkanda wa kurekebisha nyuma, neno hilo ni la haki. Kwa pama ya sufu iliyoshindiliwa halina maana yoyote, na muuzaji anayelitumia hapo hajapima kitu.

Jambo la tatu, ukubwa wa kofia ulivyo leo, ndilo linalosahauliwa zaidi. Pama ya sufu hupewa umbo juu ya kalibu ya mbao, na namba iliyogongwa kwenye ukanda wa ngozi wa ndani ni namba ya kalibu. Inakueleza kofia ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Miaka hamsini ya jasho, mvua na kabati lenye joto huikaza sufu na kuukausha ukanda. Hapa maneno yetu ya umri yanafaa kutumiwa kwa uangalifu. "Ya zamani" inataja wakati, "mtumba" inasema iliwahi kuvaliwa na mwingine, "kuukuu" inasema imechakaa. Wauzaji wanayachanganya, ilhali kofia ya zamani ambayo haikuvaliwa inaweza kuwa imebakia na namba yake, na mtumba wa juzi tu uliofuliwa vibaya ukawa umeshapungua. Stanley, akimweleza Livingstone aliyemkuta hapo Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba kofia yake ilikuwa ya rangi ya buluu, yenye utepe wa dhahabu uliofifia. Rangi ameitaja, pambo amelitaja, na ila yake hakuificha. Laiti matangazo ya simu yangefika hapo.

Ninachopendekeza tuombe ni "mzunguko wa ndani". Mwandikie muuzaji hivi: Naomba mzunguko wa ndani, upimwe leo, futi ikizunguka ndani ya ukanda, na picha yake. Ukipungua kuliko kipimo chako, achana na kofia hiyo. Sufu huweza kutanuliwa kidogo kwa mvuke, lakini ngozi iliyokauka huchanika na ukili mkavu wa kofia za kusukwa huvunjika. Ikizidi kwa sentimita moja, nunua bila hofu: kipande cha sponji au karatasi iliyokunjwa nyuma ya ukanda kitaimaliza kazi.

Bado kuna umbo, ambalo namba zote nilizozitaja haziligusi. Vichwa viwili vya sentimita 58 vinaweza kuwa kimoja kirefu kuelekea kisogoni na kingine cha mviringo. Mwenye kichwa kirefu akivaa kofia ya mviringo atasema inamkaba mbele na kumpwaya ubavuni, na muuzaji atamwona mkorofi, kwa kuwa namba zimelingana. Omba basi picha moja zaidi: kofia igeuzwe, ipigwe kutoka juu, tundu lionekane lote, na muuzaji apime urefu wake toka mbele hadi nyuma, kisha upana toka sikio hadi sikio.