Fikra za leo katika wahusika wa fasihi ya kihistoria

Mhusika wa kihistoria huhesabiwa kuwa na fikra za leo pale anapowaza jambo ambalo jamii yake haikuwa na sababu ya kuliwaza. Ukaidi peke yake haumtii mwandishi hatiani. Simulizi za Abagusii, katika kaunti za sasa za Kisii na Nyamira, zinamkumbuka Moraa Ngiti, mganga na mtabiri aliyewachochea vijana wa Kitutu dhidi ya Waingereza. Aliwasimanga kwa uoga wao, akamtia moyo Otenyo, ambaye Januari 1908 alimchoma mkuki afisa wa serikali, Northcote. Asiyeijua habari hii angedhani mwanamke huyo kabuniwa na mwanaharakati wa Nairobi. Kumbe alisikilizwa kwa ajili ya uganga wake, na masimango yake yaliuma kwa kuwa vijana wale waliamini vita ni kazi ya wanaume. Tamthilia itakayompa hotuba ya usawa wa kijinsia itayaondolea makali masimango hayo hayo. Wala hawezi kulipigania taifa la Kenya: koloni lilipewa jina hilo mwaka 1920, na wakati ule watu walijitambua kwa koo zao, kama Abagetutu, Ababasi au Abamachoge.

Kosa hili la kuwapa wahusika fikra za leo hudhaniwa kuwa la waandishi wa ukombozi tu. Kitabu Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934) kinaonyesha vinginevyo, maana watumwa wake huishukuru Uingereza kwa sauti ya misheni ya enzi za mwandishi. Ni kweli kwamba Mbotela alizaliwa katika jamii ya waliokombolewa, na shukrani hiyo haikutoka hewani. Ila kila kinywa kuisema kwa namna moja kunatia shaka.

Pingamizi zito ni kwamba fasihi huandikiwa walio hai. Ebrahim Hussein alilijua hilo, na katika utangulizi wa tamthilia yake Kinjeketile (1969) akamtenga mhusika wake na kiongozi halisi wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Hata hivyo shaka ya Kinjeketile haikuazimwa nje. Inazuka ndani ya utabiri wake mwenyewe, uliosema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar: vipi wamwondoe Mjerumani ili watawaliwe na mwingine? Swali hilo mtu wa 1905 angeweza kujiuliza. Mwishoni, anapokataa kuyakana maji, dawa aliyowaahidi wapiganaji kuwa itawakinga na risasi, kwa ajili ya vizazi vijavyo, ndipo Tanzania ya enzi za mwandishi, ya ujamaa wa Azimio la Arusha, inaposikika waziwazi, na Hussein hakujaribu kuificha.