Gorogoro Ni Kilo Ngapi? Hesabu ya Kukuokolea Doh Busia na Malaba

Sokoni Busia unaambiwa gorogoro ya mahindi ni 110 bob. Ukivuka upande wa Uganda, muuzaji mwingine anakupea bei ya kilo, tena kwa shilingi za huko. Nani ako na bei poa? Huwezi jua kabla ugeuze mkebe kuwa kilo. Si ngumu, cheki hapa.

Mkebe hupima nafasi, si uzito

Gorogoro ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia ya kilo mbili. Lakini kilo mbili za mafuta si kilo mbili za kila kitu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Vitu vingine, kwa makadirio, lita moja ni hivi:

- Mafuta ya kupikia: gramu 920
- Sukari: gramu 850
- Mchele: gramu 800
- Maharagwe makavu: gramu 750 hadi 800
- Mahindi makavu: gramu 750
- Unga wa ngano: gramu 520

Pima mkebe kwa maji

Chukua chupa ya soda ya nusu lita. Jaza maji, mwaga kwa mkebe, hesabu ni chupa ngapi zimeingia. Tuseme zimeingia tano na nusu: hiyo ni lita 2.75. Zidisha kwa 0.75 ya mahindi, unapata kilo 2.06. Safi.

Sasa chukua mkebe wenye kitako kimegongwa kikaingia ndani. Zikiingia chupa tano tu, ni lita 2.5, yaani kilo 1.88. Umepoteza karibu gramu 190 na bei ni ile ile. Ukinunua gorogoro kumi, karibu kilo mbili zimeenda hivyo.

Linganisha bei

Gawa bei kwa kilo. Kwa mkebe mzima, 110 gawa kwa 2.06 ni kama 53 bob kwa kilo. Kwa ule umegongwa, ni karibu 59. Upande wa pili, tuseme kilo ni 1,400 za Uganda na shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa 28: hiyo ni 50 bob. Ongeza nauli ya boda kabla useme umewin.

Chunga hizi

Mlima juu ya mkebe ni faida yako, so uliza kama bei ni ya mlima ama ya kusawazisha. Mahindi yenye unyevu yanakuwa mazito na yanaoza haraka, kwa hivyo kilo nyingi si lazima iwe chakula kingi. Omena huacha nafasi nyingi ndani ya mkebe. Hapo itisha mizani. Kisheria, kipimo cha biashara Kenya kinafaa kukaguliwa na kupigwa muhuri, chini ya Sura 513.

Kama unapika chapo za kuuza

Kikombe cha mililita 250 hubeba karibu gramu 130 za unga wa ngano, 210 za sukari na 230 za mafuta. Pakiti ya kilo mbili inakupea vikombe kama 15. Usishindilie unga: ukiubonyeza, kikombe kile kile kinabeba zaidi, na chapo zinatoka ngumu. Customer akigundua, harudi.