Filimbi ya Mlimani

Gari la ba'mdogo lilianza kupiga filimbi katikati ya msimu wa kahawa. Ilikuwa pikapu ya dizeli, na sauti ilisikika kila ilipopanda mlima kutoka Mabira na magunia mgongoni: nyembamba, kama ya refa aliye uwanja wa mbali. Watoto waliipenda. Baada ya wiki mbili filimbi ikawa king'ora, moshi wa bluu ukafuata, na gari likaacha kuvuta. Fundi wa kwanza alisema turbo imekufa. Ba'mdogo akauza kahawa yake ya msimu unaofuata ingali mtini, kwa bei ya mnunuzi, biashara ambayo huku kwetu tunaiita butura, akanunua turbo ya mtumba. Ilidumu wiki sita.

Mimi ndiye msomi wa familia, kwa hiyo niliulizwa mimi. Nilisoma historia. Nikaanza na nilichokijua.

Mkoa wetu una historia ndefu ya kusukuma hewa motoni. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu wafua chuma wa Buhaya, upande wa ziwani. Mabomba ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na kwa maelezo yao hewa ya mivukuto ilipata joto kabla ya kufika kwenye makaa. Wasomi wengine walilibishia hilo la joto. Mivukuto yenyewe hakuna aliyeibishia. Kwetu Karagwe, ikulu ya Bweranyange ilitunza ng'ombe wadogo wa chuma na nyundo za kifalme, kwa hiyo nasi tulikuwa na watu waliojua kwamba moto bila pumzi hauyeyushi kitu.

Turbo ni mvukuto. Tofauti ni kwamba haina mtu wa kuuvuta: moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, na feni ya pili, kwenye shafti hiyohiyo, husukuma hewa safi kwenye silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Lakini aliyenifanya nimfikirie ba'mdogo ni Mmarekani Sanford Moss. Mwaka 1918 alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita zipatazo 4,300. Huko juu, bila turbo, injini ilitoa nguvu farasi 230 hivi. Ilipofungwa turbo ilitoa 356, zaidi kidogo ya zile ilizotoa bondeni. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na turbo hurudisha kilichopungua. Ndiyo maana sikushangaa kukuta kwamba Toyota Celica zenye turbo zilishinda Safari Rally ya Kenya mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986.

Yote hayo hayakumsaidia ba'mdogo hata kidogo.

Aliyemsaidia ni mzee mmoja wa gereji ya Kayanga. Tulimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, akamwambia ba'mdogo akanyage mafuta. Akasikiliza. Filimbi inayokuja gari likibeba mzigo tu, alisema, mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka au klipu iliyolegea. Hiyo ni hela ya soda. King'ora kinachopanda na kushuka na injini ni feni iliyoliwa au beringi iliyochoka. Ukisikia chuma kinasaga chuma, zima. Akafungua mpira, akashika ncha ya shafti kwa vidole viwili, akaitikisa. Ilicheza hadi feni ikagusa ukuta wake. Kisha akauliza swali ambalo fundi wa kwanza hakuuliza.

"Bomba la oili mlibadilisha?"

Hatukubadilisha. Alilikata kwa msumeno, akatuonyesha. Ndani mlikuwa na masizi magumu kama ukoko wa sufuria, na tundu lililobaki lingepitisha njiti ya kiberiti kwa shida. Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haikai juu ya chuma. Inaelea juu ya utando wa oili. Oili ikikosekana kwa muda mfupi tu, beringi imekwisha. Turbo ya kwanza ilikufa kwa kiu, na ya pili tukaifunga kwenye kiu ileile.

"Ukifika juu ya mlima huwa unafanya nini?" mzee aliuliza.

Ba'mdogo alijibu kwa fahari kidogo kwamba huzima injini papo hapo, kubana mafuta. Mzee alinyamaza. Oili iliyosimama kwenye turbo yenye joto la namna ile huungua palepale, safari baada ya safari.

Kahawa ya butura ilichumwa Juni na mwenyewe akaja kuichukua. Ba'mdogo alisaidia kupakia magunia. Siku hizi akimaliza mlima huegesha pembeni na kuacha injini inguruma polepole dakika mbili, tatu, abiria wa nyuma wakilalamika kwamba wanachelewa mnada.