Chumvi Inayoendesha Utumbo

  Kabla ya kufungua daftari, mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno moja jipya: PO-TA-SI-A-MU. Lisomeni pamoja. Ni madini yaliyomo ndani ya ndizi, viazi, maharagwe na maji ya dafu. Leo tutasikia jinsi watu walivyogundua kazi yake tumboni.

Mtu huweza kuuamuru mkono wake, lakini utumbo hauamuriwi. Hufanya kazi wenyewe hata mwenyewe akiwa amelala. Mwaka 1899 Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling, walieleza ya kuwa tonge likifika mahali, utumbo hukaza nyuma yake na kulegea mbele yake, ndipo likasogea. Watu wengi hukumbuka kule kukaza tu. Mimi naona kulegea ni jambo kubwa vilevile, maana njia ikifungwa mbele, kusukuma nyuma ni kazi bure.

Mwaka 1904, huko Ujerumani, Rudolf Magnus alikata kipande cha utumbo wa paka, akakitia katika maji ya vuguvugu yenye chumvi na oksijeni. Kipande kile kiliendelea kujikunja na kujikunjua kwa saa nyingi, mbali na mwili na ubongo! Ujuzi wa kutengeneza maji ya namna hiyo ulianza kwa daktari Sydney Ringer wa London. Mwaka 1882 na 1883 alijaribu moyo wa chura, akaona ya kuwa chumvi ya mezani peke yake haitoshi. Kalisi lazima iwemo, na potasiamu pia, lakini kwa kipimo. Potasiamu ikizidi, moyo ulisimama.

Kwa nini? Hapa sikilizeni polepole. Msuli umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo sana zenye uhai. Ndani ya seli potasiamu ni nyingi, zaidi ya mara 30 kuliko nje. Utando wa seli una milango midogo ya kuipitisha. Milango ikifunguka, potasiamu hutoka pamoja na umeme wake kidogo. Seli hutulia, na msuli hulegea. Milango ikifungwa, seli huamka upesi, kalisi huingia, na msuli hukaza.

Kazi kubwa ya kuchunguza umeme huo katika misuli ya utumbo ilifanywa na mama mmoja, Edith Bülbring. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1903, akahamia Uingereza mwaka 1933, wakati wa utawala wa Hitler, kwa kuwa mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Huko Oxford alitumia utumbo wa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia. Milango yenyewe ilikuwa bado haijaonekana. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann walipima umeme unaopita katika mlango mmoja tu wa seli, na mwaka 1998 Roderick MacKinnon wa Marekani akaonyesha umbo la mlango wa potasiamu. Ajabu yake ni kwamba chembe za sodiamu ni ndogo kuliko za potasiamu, lakini mlango huo huzikataa!

Sasa tumfikirie mtoto anayeharisha. Potasiamu nyingi hutoka pamoja na kinyesi. Ikipungua mno katika damu, seli za msuli hutulia kupita kiasi, haziamshiki. Utumbo hunyamaza, tumbo huvimba, na moyo pia huweza kuharibika mwendo. Katika miaka ya 1940 daktari Daniel Darrow wa Marekani alianza kuwatia watoto wa namna hiyo maji yenye potasiamu, na vifo vikapungua. Si kazi ya kujifanyia nyumbani. Mnakumbuka moyo wa chura.

Lakini ile pakiti ya chumvi ya kuharisha itolewayo zahanati imekwisha kupimwa. Pakiti ya lita moja ina gramu 20.5, na kati ya hizo gramu 1.5 ni chumvi ya potasiamu. Mwenye pakiti hiyo ailete darasani kesho. Someni maandishi yake, mtafute neno lile lililo ubaoni.