Kipande House ni Jengo la Aina Gani?

Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Loita Street, hapa Nairobi, kuna jengo la mawe lililojengwa 1913. Leo ni tawi la benki ya KCB. Watu huingia, wanatoa pesa, wanatoka kukimbilia matatu. Jina lake ni Kipande House.

Mimi hujaza rekodi za majengo ya zamani kwenye Wikidata, hifadhidata huria iliyoanza 2012, ambayo yeyote mwenye bando anaweza kuihariri. Kila jengo hupewa nambari, halafu linaulizwa maswali mafupi: ni kitu cha aina gani, kilijengwa lini, nani alikichora, kina hadhi gani ya urithi.

Hilo la hadhi lina uzito. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, waziri anaweza kulitangaza jengo kuwa la kulindwa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Kwenye tao hii, ambapo kila ploti inamezewa mate na wajenzi wa maghorofa, tangazo kama hilo ni ngao. Lakini linakuambia serikali iliamua nini. Halikuambii watu walifanywa nini mle ndani.

Sasa sikiza. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mmoja alibeba kipande: jina, kabila, alama za vidole, kazi aliyofanya na mshahara wake. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, hupati kazi kwingine. Ukitoroka, umevunja sheria. Jengo hili lilipata jina lake kwa sababu humo ndimo watu walisajiliwa. Harry Thuku alikipinga kipande hadharani, akakamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Mpaka leo askari akikusimamisha usiku, anaulizia kipande.

Kwa hivyo nikifika kwenye swali la aina, siridhiki kuandika "jengo la kihistoria" na kwenda zangu. Tazama Fort Jesus kule Mombasa: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 iwe ngome, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho. UNESCO iliiorodhesha 2011. Ukiandika "ngome" pekee, umewafuta wafungwa wote wa miaka ile.

Wikidata ina nafasi ya kuandika matumizi zaidi ya moja, kila moja na mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha na chanzo chake. Ni kazi ya dakika chache, ila lazima mtu aifanye. Injini za utafutaji na programu za simu huchota majibu kwenye hifadhidata kama hizi. Mwanafunzi wa Kayole akiuliza Kipande House ni nini, atapewa kile tulichokijaza. Tukiandika benki, ataambiwa ni benki, na babu yake aliyevaa kile kikebe hatatajwa popote.