Boma la Iringa na Sheria ya Mambo ya Kale
Jengo hili, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 liwe hospitali, likageuzwa na Waingereza kuwa makao ya utawala, na tangu 2016 likawa makumbusho, halilindwi kwa umri wake peke yake. Kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyatambua moja kwa moja majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863, ilhali majengo ya Kijerumani ya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na majengo ya Mbeya, mji ulioanzishwa 1927, yote ni ya baadaye, hata ikalazimu Waziri mwenye dhamana ayatangaze katika Gazeti la Serikali ndipo yahesabike kuwa amana ya taifa. Mlango wa nakshi wa Pwani umependelewa zaidi: ukiwa umechongwa kabla ya 1940, watosha.

Jengo likishatangazwa, haijuzu kulibomoa wala kulibadili pasi na idhini ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Sharti hili ni zito kwa mwenye nyumba, walakini ni la haki: saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huuzuia unyevu usitoke, chokaa ikamumunyuka kwa ndani, na ufa ukadhihiri fundi akiwa amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Twakusihi usiegemee kuta wala kuzikwaruza.