Toharani: Jinsi Dua ya Wafu Ilivyotiwa Bei

Katika mambo yaliyowafarakanisha Wakristo wa Magharibi, hakuna lililoingia ndani ya nyumba za watu wa kawaida kama hili la roho ya marehemu ambaye hakuwa mwovu wa kustahili jehanamu, wala hakuwa mtakatifu wa kuingia peponi siku ile ile aliyofumba macho. Wakatoliki husema kuwa roho ya namna hiyo hupitia toharani, ikatakaswa kabla ya kumwona Mungu. Waprotestanti hushikilia kuwa toharani haipo, na kwamba hatima ya mja hukatwa angali hai, kwa neema ya Mola wake na kwa imani. Wako wadhanio kuwa itikadi hii ilibuniwa na maaskofu wenye tamaa ili wapate kuwakamua wafiwa. Dhana hiyo ni nyepesi, na historia haiikubali: dua ilitangulia, maulamaa wakaifuata, na fedha ikaja mwisho kabisa.

Mwaka 203, katika mji wa Carthage, Afrika ya Kaskazini, mwanamke kijana aitwaye Perpetua, mama wa mtoto anyonyaye, alikuwa kifungoni kwa ajili ya dini yake akingoja kutupwa mbele ya wanyama wakali. Katika habari alizoziandika mwenyewe humo gerezani, asimulia kuwa alimwona katika njozi nduguye Dinocrates, aliyefariki akiwa na miaka 7 kwa donda la usoni, akitoka mahali pa giza, ameshikwa na joto na kiu, amesimama kando ya birika lililojaa maji ambalo ukingo wake ulimzidi kimo, hata asiweze kunywa. Perpetua akamwombea usiku na mchana kwa machozi. Alipomwona tena, ukingo ulikuwa umeshuka hadi kwenye kitovu cha mtoto, donda limebaki kovu, naye akinywa kwa kikombe cha dhahabu kisichokwisha maji, kisha akaenda zake kucheza kama ilivyo ada ya watoto. Hapo hapakuwa na askofu wala mtaguso wala malipo; palikuwa na dada na mdogo wake.

Mwendo ukawa huo kwa karne nyingi. Monica, mama yake Agostino, alipokuwa akifa huko Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote wapendapo, mradi wamkumbuke altareni. Papa Gregori Mkuu, aliyetawala tangu mwaka 590 hadi 604, asimulia habari za Justus, mtawa mganga aliyeficha sarafu tatu za dhahabu katikati ya dawa zake ilhali kanuni ya nyumba yao iliharamisha mali ya mtu binafsi. Akafa, akazikwa jaani pamoja na sarafu zake, na Gregori, baada ya ghadhabu kumtoka, akaamuru Misa isomwe kwa ajili yake siku 30 mfululizo. Kwa yakini ni hadithi kali, lakini ndani yake mna huruma, na desturi ya Misa 30 ingali hai. Amma siku ya kuwakumbuka marehemu wote, tarehe 2 Novemba, ilianzishwa na Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa, katika karne ya 11, nayo ikaenea katika Kanisa zima la Magharibi.

Wanazuoni walipoyakusanya mapokeo hayo na kuyapa sura ya itikadi, mitaguso ya Lyon wa mwaka 1274 na Florence wa mwaka 1439 iliyathibitisha, japokuwa Wayunani, ambao nao huwaombea wafu wao, hawakuridhia habari za moto wa kutakasa, na askofu wao Marko wa Efeso akakataa katakata kutia sahihi yake.

Kanisa lilifundisha kuwa dhambi huacha mambo mawili: hatia, ambayo huondolewa katika kitubio, na adhabu ya muda, ambayo mja huitumikia hapa duniani kwa saumu, sala na sadaka, au huko toharani. Rehema zilizotolewa na Papa zilipunguza adhabu hiyo, wala hazikugusa hatia. Mwaka 1476 Papa Sixtus wa Nne akaruhusu rehema hizo ziwafae na wafu, kwa sadaka zitakazotolewa na walio hai. Tangu hapo, mtu mwenye mama kaburini alikuwa na sababu ya kufungua mfuko ambayo hakuna mtoza kodi aliyepata kuwa nayo.

Aliyeitumia sababu hiyo kwa ustadi alikuwa Albrecht wa Brandenburg, kijana wa ukoo wa kifalme ambaye, kabla hajatimiza miaka 30 iliyotakiwa kwa askofu, alikuwa na majimbo ya Magdeburg na Halberstadt mkononi, na mwaka 1514 akalipata na la Mainz. Ruhusa ya kurundika vyeo namna hiyo iligharimu mali nyingi huko Roma, naye akakopa kwa Jakob Fugger, tajiri wa Augsburg. Ili deni lilipike, rehema zikatangazwa katika nchi zake: nusu ya mapato ijenge kanisa la Mtakatifu Petro, nusu irudi kwa Fugger. Maelekezo ya wahubiri yalipanga viwango, wafalme na maaskofu wakipangiwa sarafu 25 za dhahabu, na kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo kiasi kilivyopungua, mpaka kwa fukara, ambaye aliambiwa atoe sala na saumu. Kipengele hiki cha fukara husahauliwa mno na wasimulizi, nacho chastahili kutajwa kwa ajili ya insafu. Lakini anayeishi kwa kukopa hana haja ya kukitangaza kwa sauti kubwa.

Mtawala wa Saxony, Frederick, alikataza uchuuzi huo katika nchi yake, na wala si kwa uchaji mtupu, maana alikuwa na hazina yake ya masalia matakatifu yenye rehema zake. Watu wa mji wake wa Wittenberg wakavuka mpaka hadi Jüterbog kumsikiliza Johann Tetzel, mhubiri wa rehema hizo, kisha wakarudi na vyeti vya rehema kwa padri wao wa kitubio, Martin Luther. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther akamwandikia Albrecht barua pamoja na hoja zake 95 juu ya rehema, hali hajui kuwa anayemshitakia ndiye mdaiwa mwenyewe. Hoja mojawapo iliuliza kwa nini Papa asizitoe roho zote toharani kwa mapenzi matupu, ikiwa anaweza kuzitoa kwa fedha. Wakati huo Luther alikuwa hajaikana toharani. Aliikana waziwazi mwaka 1530, baada ya vita vya maneno kuwa vya kudumu.

Mtaguso wa Trento, Desemba 1563, ulithibitisha kuwa toharani ipo na kwamba roho zilizomo husaidiwa na dua za waumini, ukaagiza pia maaskofu wakomeshe chumo la haramu na mambo ya udadisi na ushirikina. Mwaka 1567 Papa Pius wa Tano akafuta rehema zote zenye kutozwa fedha. Laiti hatua hiyo ingetangulia kwa miaka 50!

Ugomvi huo ulisafiri na wamisionari hadi miteremko ya Kilimanjaro, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misheni huko Kilema, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893; kwa hiyo familia za huko zilirithi deni la Albrecht bila kupata kumsikia. Mwaka 1999, katika mji ule ule wa Fugger, Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuwa mwanadamu huhesabiwa haki kwa neema ya Mungu. Suala la toharani halikumalizwa humo. Hata hivyo, Kanisa Katoliki lingali likitoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa mwumini aendaye makaburini kuwaombea kati ya tarehe 1 na 8 Novemba, akitimiza kitubio, komunyo na sala kwa nia za Papa, wala hatozwi hata senti moja.